Daktari kasema tusikubali kubadilishiwa dawa ya presha, famasi wanasema ni ile ile. Nimsikilize nani?

Mtoto wa Nansio

Wakuu habari za jioni, naomba mwongozo wa wenye uelewa maana hapa nyumbani tumegawanyika kabisa. Bimkubwa wangu ana presha na sukari, anaishi Ukerewe ila kliniki huwa anakuja huku mjini Mwanza anafikia kwangu Nyakato. Mwaka jana tulimpeleka kwa daktari wa hospitali moja binafsi (jina naliacha), akamwandikia Norvasc 10mg ya presha na Glucophage ya sukari, halafu akamwambia kabisa mama ukifika dirishani usikubali kubadilishiwa, hizi kopi zinatusumbua sana. Sawa tukanunua, tukaendelea kununua, ila jamani bei yake mimi ni fundi welding sio mbunge.

Sasa juzi nimezunguka mjini Norvasc sijaipata, famasi ya mwisho kijana akanitolea boksi jeupe limeandikwa Amlodipine 10mg imetengenezwa India, bei haifiki hata robo ya ile. Nikamuuliza hii ndio nini, akasema ni ile ile. Ile ile vipi wakati bei ni mbingu na ardhi? Akacheka akasema bro pale ulikuwa unalipia jina. Nikanunua ila moyo haujatulia, na mama alivyoliona boksi tu akasema hizi si ndio zile za zahanati, hizi hazishiki, anazo hata nyumbani Nansio walimpa. Mdogo wangu aliyeko Geita anataka tuchangishane turudi kwenye orijino, mke wangu anasema tunaibiwa mchana kweupe. Mimi nipo katikati.

Kingine nisisahau, mama safari hii kaja miguu imevimba kwenye vifundo na anasikia kizunguzungu akisimama, tunadhani ni kukaa sana kwenye meli. Nimemalizia.

Ngosha wa Igoma

Rudi kwenye orijino mkuu usifanye mchezo na mama. Rahisi ghali. Hizo za India ni kama spea za mchina, inafunga vizuri ila wiki mbili umerudi gereji. Mimi mwenyewe kichwa kikiuma nakunywa Panadol ya boksi lenyewe, hizi parasetamoli za kupimiwa kwenye kopo hazinigusi hata nimeze nne.

Famasia wa Buzuruga

Mtoto wa Nansio kabla sijaenda kwenye hayo ya orijino naomba unijibu kitu kimoja na ujibu leo leo. Hizo dawa za zahanati alizopewa Nansio mama anazitumia au amezitupa? Na Norvasc zilizobaki za mwezi uliopita ziko wapi? Chukua maboksi yote, nasema yote, yapange mezani, usisome jina kubwa la juu, soma lile dogo la chini yake. Norvasc chini yake imeandikwa amlodipine. Nataka kujua kwa siku mama anameza ngapi zenye hilo jina. Hiyo miguu mimi siipendi.

Haya turudi kwenye swali lako. Amlodipine ndio dawa yenyewe, ile kemikali inayolegeza mishipa ya damu. Norvasc ni jina la biashara ambalo kampuni ya Pfizer waliipa dawa yao waliyoigundua. Kampuni ikigundua dawa inapewa miaka 20 ya kuitengeneza peke yake bila mtu kuigusa, hiyo ndio hataza, na sehemu kubwa ya hiyo miaka inaisha wakiwa bado wanafanya majaribio. Ikiisha, kiwanda chochote chenye uwezo kinaruhusiwa kuitengeneza, ndio hizo mnaita kopi na sisi tunaita jeneriki. Kule Marekani Norvasc ilifunguliwa 2007. Huyu wa jeneriki halipii tena gharama ya ugunduzi, halipii matangazo, na anagombania soko na wenzake kumi, bei inashuka yenyewe. Kwahiyo yule kijana hajakudanganya, ingawa kukucheka sio ustaarabu wa kazi.

Sio kwamba mtu anaamka tu anasaga unga anaweka kwenye boksi. Ili isajiliwe lazima waoneshe kuwa ikimezwa inaingia kwenye damu kwa kiasi kile kile na kwa kasi ile ile kama ya mgunduzi, wanachukua watu wazima wazima kiafya wanameza hii, wanapumzika, wanameza ile, wanatolewa damu kila baada ya muda fulani. Watu wanapenda kusema eti sheria inaruhusu ipungue nguvu asilimia 20, hapana, ile 80 mpaka 125 ni mipaka ya hesabu ya kitakwimu, matokeo yote na wasiwasi wake wote yanatakiwa yakae humo ndani. Wamarekani walikusanya tafiti 2,070 za namna hiyo za mwaka 1996 mpaka 2007, tofauti ya wastani kati ya jeneriki na orijino kwenye kiasi kinachoingia mwilini ilikuwa kama asilimia 3.5. Hata boksi mbili za orijino zenyewe kwa zenyewe hazifanani kwa asilimia mia.

Na kwa taarifa yako Ngosha, tangu 2020 Norvasc ipo chini ya Viatris, kampuni iliyozaliwa baada ya tawi la Pfizer kuunganishwa na Mylan. Mylan ni watengeneza jeneriki wakubwa tu. Sasa hapo mchina ni nani?

Ngosha wa Igoma

Dada umeniweza hapo mwisho ila Panadol yangu uniachie

Mwenye Kadi ya Bluu

Mimi sina elimu ya dawa ila nina mwili ambao umezila. Natumia ARV mwaka wa kumi na kitu huu, na vidonge vyote nilivyowahi kupewa CTC, ile kliniki ya wenye VVU, vimetoka India, sijawahi kuona hata kopo moja la hao wagunduzi. Wingi wa virusi nikipima haionekani, nimezaa watoto wawili wote wazima. Sasa mnaposema za India hazishiki mnatutukana watu wengi sana hapa nchini bila kujua.

Wenye umri wetu tunakumbuka ilivyokuwa. Miaka ya tisini mwishoni dozi ya mwaka ilikuwa dola elfu kumi na kuendelea, nani Mwanza hii angeweza, watu walikuwa wanarudishwa vijijini kusubiri. 2001 ndio Cipla ya India ikatangaza dozi ya dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku, na dunia nzima ikashtuka. Bila hizo kopi hiyo programu ya serikali ya kugawa bure iliyoanza 2004 ingebaki karatasi. Na kuna wakubwa wa nchi tajiri wakati ule walikuwa wanasema Waafrika wakipewa hizo dawa watazitumia vibaya, virusi vitazoea, ni afadhali wasipewe. Ndio maana nikisikia daktari anamwambia mgonjwa maskini usikubali kubadilishiwa huwa nauliza kwanza analipwa na nani.

Ngosha wa Igoma

Mwenye Kadi heshima yako mama, hapo sina neno. Ila msitufanye kama vile wasiwasi wetu umetoka hewani. Ranbaxy ya huko huko India, tena kampuni kubwa kweli, 2013 walikiri mahakamani Marekani kuwa wanapika takwimu za vipimo na kuuza dawa chini ya kiwango, wakakubali kulipa dola milioni 500, na aliyewaumbua ni mfanyakazi wao wa ndani. Kama Mmarekani mwenye maabara zote zile alipigwa sisi huku tunaokota dawa duka la mtaani Mabatini tunapigwa mara ngapi? Halafu nyie wa kanda ya ziwa mmesahau Tarime 2012, ARV bandia zilikutwa hospitali ya wilaya, sio kwa mmachinga, hospitali ya serikali!

Dk wa Zamu

Nimekuwa nasoma kimya kimya, ngoja niseme upande wetu maana naona daktari ameshawekwa kizimbani.

Ngosha yote mawili uliyosema ni kweli, ila unachanganya vitu vitatu kwenye gunia moja. Kuna jeneriki, ambayo ni dawa halali. Kuna dawa duni, kiwanda halali kimeharibu kazi au duka limeiweka juani chini ya bati miezi mitatu. Na kuna bandia, mtu kaketi mahali anachapisha maboksi. Ile ya Tarime ni bandia. Shirika la Afya Duniani 2017 lilikadiria kwamba katika nchi za kipato kama chetu dawa moja kati ya kumi ni duni au bandia, na humo hayakutengwa majina makubwa. Mghushi anaangalia faida, anaghushi kile kinachouzika kwa bei. Kwahiyo mtu anayetoka na laki yake kutafuta orijino kwa kila njia, mpaka anaagizia kwa mtu wa mtandaoni asiye na duka, anaweza kuwa kwenye hatari kuliko anayenunua jeneriki ya bei poa kwenye famasi yenye kibali ukutani.

Sasa kwanini baadhi yetu tunaandika majina ya biashara. Nitasema ukweli hata kama wenzangu watanuna. Kwanza ni mazoea, jina fupi linakaa mkononi, amoxicillin na clavulanate kuiandika mara arobaini kwa siku ukiwa na foleni mpaka getini sio kazi ndogo. Pili marepu, wale wanaotumwa na makampuni ya dawa kuzinadi. Wanakuja na kalamu, kalenda, sampo, chakula cha mchana cha mafunzo, wanakuletea grafu nzuri, na wewe ukiwa na mgonjwa mbele yako jina la kwanza kukujia ni la yule aliyekutembelea jana. Sio lazima awe amekuhonga, na mwenzangu akiambiwa hivyo atakasirika kwa haki kabisa, lakini linakuingia. Tatu, na hii ndio mnaisahau, kuna daktari ameshaona mgonjwa wake amekaa sawa mwaka mzima, akabadilishiwa, akarudi presha 180. Hawezi kujua kama ilikuwa dawa duni, au mgonjwa aliacha kumeza kwasababu hakuliamini boksi, au ni chumvi ya dagaa. Anachokumbuka ni kwamba dawa ilibadilika. Ukimwona mgonjwa mmoja wa namna hiyo unasahau mia ambao hawakurudi kwasababu walikuwa salama.

Hospitali za serikali utaratibu uko wazi, mwongozo wa taifa wa matibabu unataka tuandike jina la dawa lenyewe, Bohari ya Dawa wananunua kwa jina hilo hilo. Ndio maana huyo huyo daktari asubuhi akiwa serikalini anaandika amlodipine na jioni akiwa binafsi anaandika Norvasc, na wagonjwa wote wawili presha inashuka. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Nisichokubali ni kumwambia mgonjwa hizi kopi zinatusumbua halafu ukamwacha aondoke. Kesho akikosa hela hatanunua kopi wala orijino, atakaa bila dawa, na presha haina mjadala, siku anaanguka ndio mnamkimbiza Bugando.

Mtoto wa Nansio

Jamani nimerudi. Famasia wa Buzuruga Mungu akubariki.

Nimemwambia mama atoe kila kitu kwenye ule mfuko wake wa kitenge. Kumbe ana Norvasc zilizobaki alikuwa anameza asubuhi, halafu jioni anameza zile za zahanati za Nansio, Amlodipine 10mg, kiwanda kingine boksi la njano. Nikamuuliza mama kwanini, akasema hizi za serikali si dhaifu, nameza kusindikizia ile kubwa. Na hili boksi jeupe nililonunua juzi alikuwa amepanga aanze mchana!! Nimekaa chini. Hana habari kabisa kwamba ni dawa moja, na kwakweli nani angemwambia, daktari wa mjini hajui ya Nansio, wa Nansio hajui ya mjini, na mimi nilikuwa napeleka hela tu.

Nifanyeje sasa, niache zote?

Famasia wa Buzuruga

Usiache zote! Nimekujibu inbox lakini naweka na hapa wengine waone. Amlodipine mwisho wake ni 10mg kwa siku, mama alikuwa anakula 20. Kuvimba vifundo ni dalili inayojulikana ya dawa hii hata kwa dozi ya kawaida, na ikizidi ndio zaidi, na kizunguzungu cha kusimama ni presha kushuka kuliko inavyotakiwa. Leo asimeze nyingine ya pili. Kesho asubuhi mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu, Sekou Toure pale hawatakuuliza dawa ilinunuliwa wapi, nenda na mfuko wote kama ulivyo, usichague, na aseme anavyomeza kweli sio anavyodhani daktari anataka kusikia. Akizidiwa usiku, kuzimia au kifua kubana, msisubiri asubuhi. Wapime na figo maana miguu kuvimba ina sababu nyingi. Na angalia sukari pia, kama ana Glucophage na kikopo kingine cha metformin ni hadithi ile ile.

Hii ndio hasara ya kuficha kwamba ni dawa moja. Mgonjwa akiambiwa hii ni orijino na ile ni kopi mbovu, kichwani kwake zinakuwa dawa mbili tofauti, na mama wa Kikerewe mwenye busara zake anaona bora azile zote mbili.

Shangazi wa Pasiansi

Pole sana mwanangu. Mimi nilikuwa nesi miaka mingi, hili la mama yako tulikuwa tunakutana nalo wodini mpaka tumezoea. Mzee anabadilishiwa rangi tu, mwezi huu kidonge cheupe mwezi ujao cha pinki, anaacha kumeza kimya kimya, hakuambii wewe wala daktari, vidonge vinajaa kwenye kopo la Blue Band kabatini. Dawa ikibadilika sura mtu akae na mgonjwa dakika mbili amwoneshe mama hii ndio ile, umbo ndio limebadilika. Dakika mbili tu hizo.

Na la kutokushika msiwacheke watu. Kuna utafiti wa Marekani wa 2008, watu walipewa kidonge kisicho na dawa ndani yake, kundi moja wakaambiwa kinauzwa dola 2.50 lingine wakaambiwa kimepunguzwa bei mpaka senti 10. Wote walikuwa wanapigwa shoti ndogo za umeme mkononi kupima maumivu. Wa kidonge cha bei asilimia 85 walisema maumivu yamepungua, wa bei rahisi 61. Kidonge ni kile kile hakina kitu! Sasa Ngosha na Panadol yake msimwingilie, inamponya kweli, ila kwenye presha mashine haidanganyiki, apimwe tu kabla na baada.

Bodaboda Kisesa

Samahani kwa kudandia uzi, mdogo wangu ana kifafa anatumia phenytoin, na yeye abadilishe tu popote au?

Famasia wa Buzuruga

Hapana, hapo ni tofauti na umeuliza vizuri. Kuna dawa chache ambazo nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni nyembamba: phenytoin na carbamazepine za kifafa, warfarin ya kuyeyusha damu, levothyroxine ya tezi ya shingo, lithium. Hizo mtu akishakaa sawa kwenye kiwanda kimoja abaki hapo hapo, awe India awe Ulaya, na akibadilishwa kwa kukosekana daktari ajue na amfuatilie. Australia mwaka 1968 wagonjwa wa phenytoin walipata sumu kwasababu kiwanda kilibadilisha ule unga wa kujazia kapsuli tu, dawa yenyewe ikabaki kiasi kile kile, ila unga mpya ukaruhusu iingie kwa wingi kwenye damu. Na hiyo ilikuwa kapsuli ile ile ya siku zote, wala sio kopi. Kwahiyo mdogo wako, weka picha ya boksi kwenye simu, siku ukienda dukani onesha picha.

Ngosha wa Igoma

Sasa mtu wa kawaida atajuaje duka lipi lina dawa ya kweli? Maana mnasema famasi yenye kibali, vibali vinachapishwa stationery hapo Makoroboi

Dk wa Zamu

Swali zuri. Dawa iliyosajiliwa nchini ina namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya serikali inayodhibiti dawa, nyingi utaikuta kwenye boksi inaanza na TAN, na orodha ya zilizosajiliwa ipo kwenye tovuti yao unaingia kwa simu. TMDA hao ndio waliokuwa TFDA mpaka 2019, na Desemba 2018 walikuwa wa kwanza Afrika kupandishwa na Shirika la Afya Duniani ngazi ya tatu ya udhibiti. Hiyo haimaanishi hakuna kinachopita, mpaka wetu mrefu na ziwa lina mialo isiyohesabika, ila huwezi kusema hakuna anayeangalia. Nunua duka moja unalolijua, omba risiti, boksi likiwa na maandishi yaliyokosewa au bei imekuwa ya ajabu mno hata kwa jeneriki, liache. Ukishuku ofisi yao ya kanda ipo hapa hapa Mwanza, peleka na boksi.

Mtoto wa Nansio

Mrejesho wakuu. Tulienda, presha ilikuwa imeshuka sana kweli, wakamkalisha kitandani wakapima figo, ziko vizuri. Daktari tuliyemkuta, binti mdogo tu, kachora mstari mwekundu kwenye daftari la kliniki akaandika kwa herufi kubwa AMLODIPINE MOJA KWA SIKU, JINA LOLOTE LA BOKSI, na dozi kaishusha mpaka 5mg tuone wiki mbili. Metformin hakuwa amezidisha, hiyo ya zahanati alikuwa hataki hata kuiona. Tunaendelea na ya India. Mdogo wangu wa Geita bado amenuna anasema nimemfanyia mama ubahili, nimemtumia huu uzi asome mwenyewe.

Mama amekubali kwa sharti lake, anataka boksi jeupe hilo hilo kila mwezi, asione la njano. Famasia wa Buzuruga duka lako lipo upande upi pale stendi?

Famasia wa Buzuruga

Hahaha na yuko sahihi, abaki kwenye jeupe. Njoo inbox nikuelekeze, ila ukinikosa nunua popote penye kibali, nipigie picha kwanza.

Mwenye Kadi ya Bluu

Msalimie mama, mwambie wabeja kwa kutoa mfuko wote bila kuficha

Ngosha wa Igoma

Hiyo ya India ya 5mg inauzwaje kwani? Mzee wangu naye Magu huko ananunuliwa Norvasc na dada yangu wa Dar